Mafuta Chini ya Zeliha

Mafuta yenyewe hayakuwa mengi, ila yalichagua pa kumwagikia. Yangekuwa bandarini Izmir, katikati ya meli za makontena, nani angeinua kichwa? Lakini hapa Bozburun maji ni meupe, kijiko kikikudondoka gatini unakiona kilipolala. Utando mweusi ulioizunguka boti Zeliha ulionekana hadi juu ya mnara wa msikiti. Fundi aliyekuwa huko juu akitengeneza kipaza sauti ndiye aliyepiga simu. Wengine karibu wote walikuwa shereheni.

Inspekta Perihan Koçer wa walinzi wa pwani alifika kesho yake asubuhi kutoka Marmaris, na hakufika na furaha. Ofisini alikuwa ametoka kumpa mkono mwenzake Levent, aliyekabidhiwa boti mpya ya doria, kazi ambayo Perihan aliisubiri mpaka akachoka. Alimwambia hongera, akatabasamu, akaingia garini na kuubamiza mlango. Wivu ulimkaba njia nzima, na kila kona ya mlimani aliikata kwa hasira.

Gatini alimkuta Nahodha Tahsin, mwenye boti, amekaa peke yake juu ya nguzo ya kufungia kamba. Alikuwa mzee mnene mwenye masharubu meupe, na suti ya sherehe ya jana bado ilikuwa mwilini. Hakulala, ilionekana wazi. Alisimama akasema, "Karibu, afande," kisha akakaa tena bila kungoja ajibiwe.

Habari aliyompa ilikuwa fupi. Jana mchana kijiji kizima kilikuwa ufukweni, kule karakana ya boti, kuishusha majini boti yake mpya, İpek, iliyopewa jina la binti yake. Kondoo alichinjwa, imamu akaomba dua, ushanga wa buluu wa kukinga kijicho ukapigiliwa kwenye omo, mbele ya boti. Kisha Tahsin akapanda juu ya ngazi akamtangaza nahodha wa İpek: mkwewe Onat, mume wa huyo binti. Watu wakapiga makofi. Wakati wanapakua nyama ikaja simu kwamba Zeliha, boti yake ya zamani iliyoachwa peke yake gatini, inavuja mafuta.

"Unajua kinachofuata," Perihan alimwambia.

"Najua. Nataka nikisikie kwako."

Akamwambia. Ghuba hii inalindwa. Boti iliyochafua hapa hufungwa mnyororo msimu mzima, cheti cha nahodha hurudi Ankara, na boti nyingine yoyote ya mwenye mali yule yule hainyimwi tu wageni, hainyanyui nanga kabisa. Yaani Zeliha na İpek zote mbili. Watu wa bandari wangekuja na mnyororo alasiri, labda yeye awaambie wasije. Tahsin alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja. Alisema kwa umri wake cheti kikienda Ankara hakirudi, hao watakaokirudisha watamkuta kaburini.

Perihan akavua buti zake, akaziweka kwenye kapu la viatu lililo kando ya ubao wa kupandia. Uinspekta ni uinspekta, lakini hakuna mtu Bozburun anayekanyaga sitaha ya mbao ya mwenzake na viatu. Hata waziri akija atavua, na soksi zake zitaonekana.

Juu, alianza na mpira wa pampu. Maji machafu yanayokusanyika chini ya injini, yale yaliyochanganyika na mafuta, hayaruhusiwi kugusa bahari. Huvutwa kwa pampu, yakapita kwenye mpira hadi tangi la nchi kavu lililojengwa gatini. Taratibu zake zilibandikwa mlangoni mwa chumba cha injini, zimefunikwa kwa plastiki: mmoja ashike pampu, mmoja ashike mpira, na pampu ikiwaka haiachwi hata nyumba ikiungua. Mdomo wa mpira lazima ufungwe kwa kamba kwenye shingo ya tangi.

Sasa mdomo huo ulikuwa unaning'inia majini.

Onat ndiye aliyekuwa na zamu ya kazi hiyo. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno kwa asubuhi ya namna ile. Alieleza kwamba asubuhi ya sherehe aliufunga mpira kwenye tangi, akakuta mlinzi wa tangi keshaenda kutafuta nafasi ya mbele karakanani, akaamua kazi ingoje kesho. Pampu hakuiwasha. Aliapa kwa mkewe, akaapa kwa mama yake, alipotaka kuendelea na ukoo mzima Perihan akamkatisha.

"Kijijini wanasema uliiwasha ukaisahau, mpira ukaruka."

"Wanasema wanavyotaka. Tangu baba anitangaze, kila mtu ananitafutia makosa."

 Perihan alikuwa anaitazama kamba. Mpira ukiruka wenyewe kwa nguvu ya maji, kamba ama inakatika ama inabaki imening'inia ovyo. Hii ilikuwa imefunguliwa fundo lake, ikaviringishwa duara juu ya duara, ikalazwa pembeni bila hata ncha kutokeza. Aliyefanya hivi alikuwa na haraka, tena alikuwa anafanya uovu, na bado mkono wake ulikataa kuacha kamba vibaya. Huyo ni mtu wa boti. Lakini Bozburun nani si mtu wa boti?

Akashuka kwa magoti karibu na mlango wa chumba cha injini. Mbao pale zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni, lakini mbao za msaji zikishakunywa mafuta hazitapiki. Aliinama upande wa jua akauona: kisigino, ukingo wa nje wa mguu, vidole. Unyayo mtupu. Uliofuata ulikuwa hafifu, na kabla ya ubao wa kupandia ulikwisha kabisa.

"Nani amesugua hapa?" aliuliza.

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Vahit, baharia wa Zeliha, mtu mkavu wa miaka hamsini hivi, suruali imekunjwa hadi magotini, ndoo mkononi. "Nimekuja alfajiri nikakuta pachafu. Siwezi kuona uchafu nikakaa."

Perihan akamwomba aiweke ndoo chini waongee. Vahit alisema amefanya kazi na Tahsin tangu Zeliha ilipokuwa mbavu tupu karakanani. Jana alikuwa shereheni mwanzo hadi mwisho, mstari wa mbele, hakukanyaga hapa tangu asubuhi. Alivaa vizuri? Alivaa vizuri sana, akacheka kidogo, hata viatu alinunua vipya Marmaris, ngozi halisi, kwa ajili ya siku hiyo. Viko mle kapuni, aende akavione.

"Na Onat kupewa İpek, ulionaje?"

"Nilimpa hongera. Kijana ana bahati yake." Vahit akaichukua ndoo. "Simsemi mtu, afande. Ila mpira aliufunga yeye."

Alisema hongera ile kwa sauti ya chini, meno yakiwa yamekutana. Perihan aliijua. Aliitumia mwenyewe asubuhi ile. Lakini sauti haiandikwi kwenye ripoti, na kuna mtu mwingine ambaye wengine kijijini walikuwa wakimnyooshea kidole, kwa hiyo akavaa buti akaenda kumtafuta.

Mtu huyo alikuwa Nahodha Rüstem, ambaye boti yake ililala ubavuni mwa Zeliha. Wote walimwona akiondoka shereheni kabla ya nyama, amekunja uso. Perihan alimkuta mkahawani, anapanga vigae vya mchezo mezani na wazee wenzake.

"Kaa, binti yangu, unywe chai," Rüstem alisema. "Umekuja kuniuliza kama namwonea Tahsin wivu. Namwonea. Andika."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

"Wageni wangu wa Kijerumani walionizoea, mwaka huu wako kwa nani? Kwa Tahsin. Boti mpya ya nani? Ya Tahsin. Nimesimama pale naangalia kondoo, naangalia yule binti yake analia kwa furaha, nikahisi chakula kimenikwama na hata sijala. Nikaja hapa nikawafunga hawa wote kwa hasira."

Wale wazee walithibitisha, tena kwa malalamiko. Alikaa nao mpaka simu ya mafuta ilipoingia, na aliwachezea wenzake bila huruma, hakumpa mtu nafasi ya kupumua. Mwenye mkahawa alikumbuka hata idadi ya glasi za chai.

"Halafu fikiri," Rüstem aliendelea. "Boti zetu zimelala bega kwa bega. Nikimwaga mafuta kwake yanakuja kwangu. Leo nimeamka nasugua ubavu wa boti yangu mpaka mgongo umekataa. Wivu wangu mimi naumalizia hapa mezani. Anayeumwa kweli haji kukwambia."

Perihan akanywa chai yake akimtazama. Alikuwa anamwamini, na hilo lilimuudhi, maana alikuwa amemtegemea awe ndiye mkosaji. Alipoinuka kuondoka, mguu wake wa kulia uliteleza ndani ya buti. Akakaa tena. Akavua buti mbele ya wazee wote, akageuza soksi. Chini ilikuwa nyeusi. Akatia mkono ndani ya buti, vidole vikatoka vimepakaa mafuta.

Alikanyaga pale mlangoni mwa chumba cha injini, bila shaka, palipokuwa bado na unyevu. Na kwa kuwa alivua viatu kama mstaarabu, uchafu wote aliubeba ndani.

"Umeumia, binti yangu?" Rüstem aliuliza.

"Hapana, mzee. Nipe viatu vyako."

Mzee akashangaa lakini akavua. Ndani vilikuwa vikavu, vinanuka tu miguu ya mzee. Perihan akamrudishia, akamshukuru, akatoka haraka buti moja mguuni na nyingine mkononi. Asubuhi yote alikuwa akikagua soli za watu waliopita gatini, na zote safi. Soli gani ingechafuka? Mhalifu wa mjini angepanda na viatu vyake, akaacha alama za soli kila mahali. Huyu alikuja kuangamiza boti, akafika kwenye ubao, mazoea ya maisha yake yote yakamwambia vua, naye akavua. Kisha akaitia miguu ile ile ndani ya viatu na kukimbilia nyama isimpite.

Kapu lilikuwa palepale. Alianza na viatu vya Onat, vile vyeusi vya kung'aa vya sherehe: ndani safi, na zaidi ya hapo watu mia walimwona kijana huyo ufukweni muda wote, maana nahodha mpya haachwi peke yake hata kujikuna. Akapita kwenye ndara za plastiki za Tahsin. Kisha akachukua viatu vya kahawia vya ngozi, vipya, soli hazijapata hata mkwaruzo wa maana. Akatia mkono.

Akauacha mkono humo kwa muda. Halafu akawaita wote watatu, Tahsin, Vahit na Onat, wakae kwenye meza ya nyuma ya boti.

"Vahit, hivi ni vyako?"

"Vyangu, afande."

"Ndivyo ulivyovaa jana?"

"Nimekwisha kukwambia ndivyo."

"Ulivivaa siku nyingine yoyote? Kazini? Kwenye injini?"

"Viatu vya namna hii nivivae kwenye injini?" Karibu aone ametukanwa. "Jana ndiyo mara ya kwanza. Leo nimevivaa kuja tu."

Perihan akavigeuza juu ya kitambaa cheupe cha meza, akasugua ndani kwa kona ya kitambaa hicho. Kilitoka cheusi, penye kisigino na penye vidole. Ngozi mpya ilikuwa imekunywa mafuta yote, ikayashika.  Akawaeleza taratibu, kamba kwanza, kisha unyayo, kisha soksi yake mwenyewe, na jinsi mtu aliyesema hajakanyaga botini tangu asubuhi alivyoweza kutia mafuta ya Zeliha ndani ya viatu alivyovivaa kwenda shereheni.

Vahit alivitazama viatu, hakumtazama mtu.

"Nilivinunua nikijua jina litakaloitwa ni langu," alisema. "Nimesimama mbele nimeshavifuta vizuri, nipande ile ngazi. Ukaita jina la huyu. Huyu niliyemfundisha mimi kufunga fundo, kaka Tahsin. Alipokuja hapa alikuwa anatapika gatini, boti haijaondoka."

"Ni mkwe wangu," Tahsin alisema.

"Najua ni mkweo. Mimi ni nani?"

 Vahit akaendelea bila kungoja jibu. Hakutaka boti iguswe, hakumtakia Tahsin mabaya. Alitaka waseme Onat ni mzembe, ameacha pampu, hafai hata kuachiwa mtumbwi. Alitaka Onat arudishwe nyuma kidogo tu. Aliwasha pampu kwa muda mfupi mno, aliapa, mfupi mno, wala hakujua kama maji ya chini ya injini yana mafuta kiasi kile. Alipogundua alizima, akarudi mbio, akapiga picha ya pamoja na wengine. Yumo kwenye picha, anacheka.

Onat alikuwa amesimama. Alimwita mshenzi, akamwita nyoka, na alikuwa anazunguka meza ndipo Perihan alipomwambia akae, kwa sauti ambayo watu wakiisikia hukaa.

Sasa ilibaki sehemu asiyoipenda. Saa ya mnyororo ilikuwa imekaribia, na ukweli alioupata haukumsaidia aliyestahili kusaidiwa.

"Nahodha," alisema, "nakuuliza swali, na ulifikirie kabla hujajibu. Mafuta yakimwagwa na mtu wa nje aliyevamia, boti haina kosa. Nitawaambia wa bandari wasije, zako zote mbili zitaondoka. Huyo mtu wa nje atakwenda mahakamani, na huko kuna jela, si ndogo. Yakimwagwa na baharia wako, ni suala la usalama wa boti yako, kosa ni lako. Yeye atapata onyo, wewe utapata mnyororo. Vahit jana mchana alikuwa bado baharia wako?"

Vahit ndiye aliyewahi. "Alinifukuza asubuhi. Kabla ya sherehe. Kaka, mwambie."

"Sijakuuliza wewe," Perihan alisema.

"Kaka Tahsin, mwambie ulinifukuza. Nimestahili. Nikubalie hili tu."

Onat naye aliinuka akamwinamia mkwewe, akimshika mkono wa koti. "Baba, amekubali mwenyewe. Sema tu ndiyo. Watu wameshaweka nafasi, İpek inaondoka wiki ijayo. Sema ndiyo, baba."

 Tahsin macho yalikuwa yamemwiva. Kule barabarani gari la bandari lilikuwa linarudi nyuma kuelekea gatini, na mlio wake ulisikika.

"Sijamfukuza," Tahsin alisema hatimaye. "Andika, binti. Ni baharia wangu. Jana alikuwa baharia wangu, na leo ni baharia wangu."

"Kaka—"

"Wewe nyamaza. Usifikiri nimekusamehe. Ukinitazama usoni leo nitakupiga mbele ya afande. Umenimaliza, Vahit. Lakini jela siwezi kukupeleka, nimelala botini ukuta mmoja na wewe miaka mingi kuliko niliyolala na mke wangu." Akamgeukia Perihan. "Andika upesi, nisije nikabadilika."

Perihan aliandika. Aliona aibu asiyoweza kueleza ni ya nini. Vahit alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Onat ndiye aliyebaki amesimama vilevile, mkono bado umeshika lile koti. Aliuachia polepole. Uso ulikuwa umembadilika. Hasira ilikuwa imeondoka, na kilichobaki Perihan alikitambua mara moja, maana alikiona asubuhi kwa Vahit na kwenye kioo cha gari lake.

"Umetoa boti zote mbili kwa ajili yake," kijana alisema.

"Nimesema kweli."

"Ingekuwa mimi niliyemwaga, baba? Ungezitoa kwa ajili yangu?"

Tahsin alifungua kinywa. Watu wa bandari walikuwa wamefika, wawili wanauburuta mnyororo juu ya mawe ya gati, wa tatu anauliza wapitishe wapi. Tahsin alifunga kinywa, akaenda kuwaonyesha mahali, akiwasisitiza watie matambara chini yake usije ukaikwaruza Zeliha.